Maji ya Udhu na Darasa la Nne

Wanangu mlioanza kufundisha mwaka huu, mmenipigia simu mara nyingi mkitaka niwaeleze habari ya miradi ya watoto, na kila mara nimewajibu kwamba nimechoka. Sikuwa nikiwafukuza. Nimechoka kweli. Mwalimu wa watoto wadogo akistaafu, magoti ndiyo ya mwanzo kumdai, likafuata koo, yakafuata masikio, ambayo mpaka leo yakisikia kengele yoyote yananinyanyua kitini. Lakini juzi mmoja wenu amenambia kuwa darasa lake zima limeleta volkano na zote zimefanana kama mayai, nikacheka peke yangu jikoni mpaka nikasahau maziwa motoni. Basi nikaona niandike mara moja, niwe nimemaliza deni.

Mimi nimesomesha Maskati miaka mingi kuliko ninavyopenda kuikumbuka. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa huku nikiwa msichana, na Kiarabu changu cha darasani nilikisoma ukubwani. Kwa hivyo nawajua watoto wanaosema Kiswahili nyumbani na Kiarabu skuli, namna wanavyomeza neno kabla halijafika mdomoni. Nilikuwa mmoja wao, na nilipokuwa mwalimu nilikuwa bado nameza.

Tulipoanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kazi ilikuwa nyepesi kwa kichwa na nzito kwa koo. Unasoma, wanarudisha. Mtoto mzuri ni yule anayerudisha maneno kama alivyopewa, hayakupungua, hayakuzidi. Halafu ukaja mtindo mpya wa elimu ya msingi. Wavulana na wasichana wakakaa pamoja katika madarasa ya chini, meza zikapangwa mafungu mafungu, na likaja neno mashruu, mradi, likawa linasemwa kila kona kama jina la bibi harusi. Tukapelekwa semina. Mkufunzi wetu alivaa tai, akasimama mbele yetu kutwa nzima akitusomea karatasi juu ya ubaya wa kuwasomea watoto karatasi. Tuliandika yote.

Mradi wangu wa kwanza ulikuwa ngome. Niliwaambia watoto wa darasa la tatu kila mmoja atengeneze kwao jengo la kale, alete Jumamosi baada ya mapumziko ya wiki. Jumamosi zikaingia ngome nzuri, ukuta wake umepakwa mchanga wa kweli, milango imechongwa. Nilifurahi mpaka nilipoziweka pamoja juu ya meza nikaona kadhaa ni pacha, na bendera ya kila moja imebandikwa kichwa chini. Kumbe kulikuwa na duka la vifaa vya skuli mtaani Hamriya ambalo fundi wake alikuwa akizitengeneza kwa oda. Baba akitoka kazini anapita, anasema "ngome, darasa la tatu," anapewa ndani ya mfuko. Nilimuuliza mama mmoja mwanawe alifanya nini katika ile kazi.

"Aliibeba, mwalimu," akanijibu. "Na si nyepesi ile."

Ngome moja tu haikutoka dukani. Ilikuwa ya udongo, imepinda upande, na kwenye paa ina makuti ambayo ngome za huku hazina. Mchana, msichana wa kazi wa nyumba hiyo, Mtanzania kutoka Tanga, alipokuja langoni kumchukua mtoto alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Samahani mama, sisi tumepata ngapi?" Nilimwambia yeye amepata kumi juu ya kumi na mtoto arudie kazi. Alicheka, lakini niliona maksi zile amezipokea kwa dhati.

Tangu hapo mradi wangu haukulala nje. Kila kitu kinafanywa darasani, mbele yangu, kwa mikono ninayoiona ikichafuka. Wekeni taulo kuukuu, nyingi kuliko mnavyodhani. Gundi ya maji msiitoe kabla ya mapumziko, itoeni baada yake. Wasemaji msiwakusanye fungu moja mkidhani mtapata amani kwa mafungu mengine, mtapata soko. Na mtoto asiyesema msimlazimishe kusema. Mpeni kifaa. Akishika yeye mkasi au mizani, wenziwe wakiutaka itabidi wamsemeshe, naye itabidi ajibu.

Hilo la kifaa si langu. Ni la Ustadha Ihsan.

Ustadha Ihsan alikuwa Msudani wa Omdurman, mwanamke mrefu wa kimo, aliyekuwa akisomesha hesabu na sayansi chumba cha pili yangu. Alikuwa amefundisha tangu mimi sijaolewa. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka kwa mwaka, na miaka hiyo ya elfu mbili wasichana wetu wa Oman walikuwa wakitoka vyuoni kila msimu kushika kazi, kwa hivyo kila msimu mwalimu mmoja mgeni alikuwa akiagwa kwa keki. Hatimaye na yeye aliagwa kwa keki, mwaka mmoja baada ya haya ninayotaka kuwaeleza. Mimi naye tulikuwa tukisemezana kwa Kiarabu, yeye chake cha Sudani na mimi changu cha kuungaunga, lakini hapa nayaandika maneno yetu kwa Kiswahili chetu, na ya watoto na ya mudira, mwalimu mkuu wetu, pia.

Nilimjua vizuri siku niliyorudi na darasa langu kutoka soko kubwa la mboga na matunda la Mawaleh. Niliwapeleka watoto wakachunguze matunda yanatoka nchi gani. Mtoto wa kwanza kushuka kwenye basi akasoma jina la nchi kwenye sanduku, akawatangazia wenzake, na mradi ukaishia hapo. Asubuhi iliyobaki walikula. Wauzaji waliwaonea huruma wakawapa zabibu, tikiti, mapapai, na mmoja alitapika juu ya viatu vya dereva. Nilirudi skuli nimejaa utomvu mpaka kwenye kilemba. Ustadha Ihsan alinitazama, akanivutia kile kiti kidogo cha watoto, maana yeye hakupenda kukaa kwenye viti vya walimu.

"Jibu ulikuwa ukilijua kabla hujatoka nyumbani?" akaniuliza.

"Nilikuwa nikilijua."

"Sasa watoto wamekwenda kufuata nini?"

Nilikasirika, maana nilikuwa na njaa na nanuka mapapai. Lakini alikuwa amesema kweli. Ukilijua jibu, watoto hawatafuti jibu, wanatafuta uso wako. Wanakuangalia unavyokunja na kukunjua kipaji cha uso mpaka wapate unachokitaka. Swali la mradi liwe usilolijua wewe mwalimu, na liwe dogo kiasi cha kupimika kwa vitu vilivyomo ndani ya skuli. Mengine yote ya semina mnaweza kuyasahau.

Sasa nije kwenye maji.

Skuli yetu ilikuwa ikipata maji kwa lori, linalokuja kujaza tangi la juu ya paa. Mwaka mmoja wa joto kali tangi likawa linakauka kabla ya muda wa skuli kwisha. Vyoo vikafungwa, watoto wakarudishwa majumbani mapema, wazazi wakapiga simu, na mudira akawa anamlaumu mwenye lori, mwenye lori anaapa kuwa amejaza mpaka juu. Nilikuwa na darasa la nne. Tulikuwa tumepanga foleni kusubiri mabasi nikahisi navutwa abaya kwa chini.

"Abla," sauti ikaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "kwani maji yote yale ya juu yamekwenda wapi?"

Abla ndivyo watoto wa huku wanavyotuita walimu wa kike. Na aliyeuliza alikuwa Rahma, mtoto ambaye nilikuwa sijamsikia akisema sentensi nzima tangu mwaka uanze. Kwao walikuwa watu wa Unguja kama mimi, amelelewa na bibi yake, na alipokuwa darasa la kwanza wenziwe walimcheka Kiarabu chake. Akaufunga mdomo. Akawa anaandika vizuri, anaitika kwa kichwa, na walimu wakamsifu kwa utulivu. Mimi ule haukuwa utulivu machoni mwangu. Darasa la nne ndilo la mwisho kwetu. Wakitoka hapo wanakwenda skuli kubwa, ambako mwalimu hana nafasi ya kumtafuta mtoto aliyejificha. Nilijua Rahma akituondokea bubu, bubu atabaki, na jambo hilo lilikuwa likininyima raha kuliko lori la maji.

"Sijui, mwanangu," nikamjibu. Na kweli nilikuwa sijui.

Basi hilo likawa swali. Tuliandika mahali pote maji yanapotoka: kwenye mifereji ya kunywa, bustanini, jikoni kwa wapika chai, na kwenye mifereji ya kutawadhia iliyokuwa nje ya msala, chumba chetu cha kusalia, ambako watoto wakubwa na walimu walikuwa wakitia udhu kabla ya kusali adhuhuri. Vyoo tuliviacha, kwa sababu zinazoeleweka. Kifaa cha kupimia kikawa beseni la plastiki la bluu na chupa tupu za laban, maziwa ya mtindi. Unalisukuma beseni chini ya mfereji, mtu anatawadha, ukimaliza unayamimina maji kwenye chupa unahesabu, halafu unayapeleka bustanini. Beseni nikampa Rahma.

Siku ya kwanza alisimama nalo amelikumbatia kifuani. Mwalimu wa dini akaja kutawadha, Rahma akanong'ona kitu ambacho hata beseni halikukisikia. Nilijizuia nisimsaidie, na wanangu, hiyo ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Ilipofika mwisho wa wiki alikuwa akiwakaripia watu wazima. "Ustadha, usiondoke! Beseni bado halijaja!" Na wao wanangoja, mikono ya nguo imepandishwa, wanacheka. Akisema kwa Kiarabu, tena kwa sauti, kwa sababu mifereji ikifunguliwa usiposema kwa sauti hakuna anayekusikia.

Niliweka sharti moja: watoto na wakubwa wasiandikwe majina. Nani ni nani wakijua wapimaji peke yao, na mimi sikuwauliza.

Mnataka kujua maji yalikuwa yakienda wapi? Yalikuwa yakienda kwetu. Watoto walikuwa na haraka ya kurudi kucheza. Wanajirashia, wanakimbia, tena wengine nusu ya udhu umebaki. Sisi wakubwa ndio tulikuwa tukisimama. Mtu anaosha mkono wa kulia, anageuka kumalizia habari ya harusi ya juzi, mfereji unatiririka. Watoto walichora mistari ya rangi kwenye karatasi kubwa, mmoja kwa kila aliyetawadha. Mistari ya watoto ilikuwa chini. Ya wakubwa ilikwenda juu. Na mmoja ulikuwa wa mtu mzima ambaye beseni lake lilifurika, likamiminwa, likafurika tena. Mstari wake ulipita mwisho wa karatasi ikabidi wabandike karatasi ya pili juu yake. Watoto waliupenda mstari ule kupita kiasi.

Mudira alikuja kukagua ubao tulioibandika karatasi ile, na vibandiko vyake vya "watoto" na "wakubwa", kabla ya siku ya wazazi, maana siku hiyo wangekuja na wageni kutoka idara ya elimu. Alikuwa mwanamke mwema, mchapakazi, na mtu wa kuogopa wageni, kama sisi sote.

"Hii mirefu ni walimu?" akauliza.

"Ni walimu."

"Watoto wa watu wasimame mbele ya wageni wawafedheheshe wakubwa wao? Hayo ndiyo mafunzo mapya?"

"Hapana jina la mtu hata mmoja hapo, mudira."

"Skuli ina jina," akasema. "Badilisha vibandiko. Mirefu iwe ya watoto, mifupi iwe ya wakubwa. Somo la kutofuja maji litabaki lile lile. Nani atajua?"

"Rahma atajua."

Hakuelewa, ikabidi nimweleze kuhusu Rahma, na beseni, na sauti. Alinisikiliza, akasema atafikiri, ambayo kwa Kiarabu cha ofisini maana yake ni hapana. Nikarudi kwake siku ya pili, na ya tatu. Nilikuwa nimechoka, wanangu. Nilikuwa na madaftari yasiyosahihishwa, mume wangu alikuwa hospitali, na vibandiko viwili vya karatasi vingenipa usingizi. Lakini mtoto yule alikuwa ameamini kwamba alichokiona kwa macho yake kinasemeka. Ukimwambia sasa kibadilishwe kwa sababu wageni wanakuja, hatakuuliza tena kitu, na atakuwa na haki. Mwishowe mudira akachoka kabla yangu.

"Haya," akasema. "Aisome yeye mwenyewe, na akiulizwa ajibu yeye. Sote tutakaa mstari wa mbele tuione aibu yetu vizuri."

Nilitoka nikakimbia kwenda kumwambia Ustadha Ihsan. Aliacha kufuta ubao. "Na Rahma mwenyewe anataka kusema?"

Nikajibu anataka, na hapo hapo nikakumbuka sijamuuliza. Nilimuuliza kesho yake. "Naam, abla," akasema, huku akitazama viatu vyake.

Siku ilipofika ukumbi ulitandikwa mazulia, ikaja kahawa, ikaja halwa, maana kwetu huwezi kumwonesha mgeni kitu chochote kabla mdomo wake haujawa mtamu. Darasa la pili wakaimba. Darasa la tatu wakaonesha volkano, ikatoa povu, ikapigiwa makofi. Halafu akaitwa Rahma. Alipanda na kijiti chake cha kuoneshea, shungi limepigwa pasi na bibi yake mpaka linasimama lenyewe. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, mudira kulia kwangu, Ustadha Ihsan kushoto.

"Sisi darasa la nne tumepima maji," Rahma akaanza, na sauti yake ikatoka. "Tumeona kwamba watoto wanafuja maji mengi sana. Wakubwa wanatumia kidogo. Tunaomba radhi, na hatutarudia."

Nikautazama ubao. Vibandiko vilikuwa vimebadilishwa. Neno "watoto" lilikuwa chini ya mistari mirefu, "wakubwa" chini ya mifupi, na ile karatasi ya pili ya juu imebanduliwa, gundi yake bado inaonekana. Nilimgeukia mudira kwa hasira, nikamkuta na yeye ananitazama mimi, kinywa wazi. Hakuwa yeye. Walikuwa watoto wenyewe, asubuhi ile, kabla hatujafika.

Wageni wakapiga makofi kuliko ya volkano. "Mashallah," mmoja akasema, "hii ndiyo adabu tunayoitaka." Na mimi nilikaa pale nimekufa moyo. Siku zote zile nilikuwa nikigombana na mudira ili mtoto asinyang'anywe alichokiona, na mtoto amekitoa mwenyewe kwa mikono miwili, kwa sababu amelelewa vizuri. Ningemlaumu nani? Adabu ile tumemfundisha sisi, bibi yake na mimi, tangu hajaota meno. Nikaona nimemshindia kesi ambayo yeye hakuwa ameifungua, na nikatamani kwenda nyumbani.

Rahma hakunitazama. Alikuwa akimtazama Ustadha Ihsan, na machozi yamemjaa machoni.

Ustadha Ihsan akasimama. Hakuwageukia wageni, alimgeukia mtoto, kama wako peke yao darasani.

"Rahma. Lile beseni lililofurika ulilishika wewe?"

"Ndiyo, Ustadha."

"Lilikuwa la mtoto?"

 Mudira akanipita kwa mkono, akamvuta Ihsan nguo, "Kaa, ukhti, yamekwisha," lakini yeye hakukaa.

"Sikuulizi ulichotaka kusema. Nakuuliza ulichokiona. Lilikuwa la mtoto?"

"Hapana."

"La nani?"

Rahma alitikisa kichwa. Machozi yakamdondoka kwenye shungi lake. Akamtazama kila mtu katika mstari ule, hakupata msaada, hata kwangu, maana hapo ndipo nilipofahamu ni la nani.

"Lako, Ustadha," akasema.

"Ni langu," Ustadha Ihsan akasema. "Rudisha karatasi mahali pake, mwanangu, halafu usome tena."

Mwanamke huyu alikuwa hajui kama mwaka ujao ana kazi, na watu wenye kujua walikuwa wamekaa mbele yake na vikombe vya kahawa. Rahma aliitoa ile karatasi mfukoni mwake, alikuwa ameikunja vizuri, hakuitupa. Akaibandika. Akabadilisha vibandiko. Akasoma yote upya, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye ule mrefu alinyanyua kijiti akaufuata mpaka juu kabisa. Sauti yake ilikuwa ile ya kwenye mifereji.

Alipomaliza hapana aliyepiga makofi. Mgeni mmoja alikohoa. Ingekuwa ndio mwisho, lakini Rahma hakushuka. Alibaki amesimama, na akauliza kitu ambacho mtoto wa miaka tisa, mbele ya wageni, hamuulizi mtu mzima.

"Ustadha, kwa nini?"

Nilimuona Ustadha Ihsan akifunga macho kidogo. "Nna wasiwasi wa udhu," akasema. "Naosha mkono, nikimaliza moyo unanambia sijaosha. Naosha tena. Nahesabu, hesabu inanipotea, naanza upya. Mama yangu alikuwa hivi hivi. Nawasomesha nyinyi hesabu, na mimi mwenyewe nashindwa kuhesabu mpaka tatu nikaamini."

Wanangu, katika miaka yangu yote ya kazi sijamsikia mwalimu akisema neno kama lile mbele ya darasa lake. Tulikuwa tumekaa naye chumba kimoja cha chai miaka na miaka, na tulikuwa tukimsema kwa kuchelewa kusali. Niliona haya, na nilimpenda, vyote viwili kwa pamoja.

Rahma alikuwa akifikiri. Alikuwa amekunja uso vile vile anavyoukunja akisoma alama kwenye chupa ya laban.

"Tukikuhesabia sisi je?" akasema. "Wewe osha tu. Usihesabu. Sisi ndio tutakaokwambia."

Wageni wakaandika waliyoandika. Mradi ulipata nafasi ya tatu, nyuma ya volkano na nyuma ya wimbo wa darasa la pili. Mudira hakunisemesha mpaka Jumamosi, halafu akanisemesha kuhusu vitambaa vya meza. Lori la maji likawa linatosha baadhi ya siku na baadhi ya siku halitoshi, kwa hivyo msiende mkawaambia watu kuwa tuliokoa maji ya Maskati. Na najua mtaniuliza Rahma akawa nani. Sijui. Baba yake alihamishiwa Salala, na mwalimu wa watoto wadogo haoni mwisho wa kitu. Ukitaka kuona mwisho, fanya kazi ya ujenzi. Nyinyi mnaoniuliza kama miradi inafaa, mimi sina jibu la kuwapa isipokuwa adhuhuri ya siku ile ile, wageni walipokwisha ondoka na halwa iliyobaki tumeshaigawana.

Tulitoka kwenda kutawadha. Watoto wa darasa la nne walikuwa wameshafika mbele yetu, wamejipanga kwenye mifereji, na Rahma yuko katikati bila beseni. Ustadha Ihsan akapandisha mikono ya nguo. Akafungua maji. Wakamhesabia kwa sauti moja, viganja, mdomo, pua, uso, na kila ikifika tatu wanasema "basi" na yeye anaendelea mbele. Kwenye mkono wa kulia waliposema basi, alisita. Akaugeuza mkono, akautazama juu na chini, na mkono ukaanza kurudi kwenye maji peke yake. Sote tuliuona. Sisi wakubwa tukatazama pembeni.

Rahma akaweka kiganja chake kidogo juu ya mkono ule uliorowa.

"Tatu zimetimia, Ustadha," akamwambia. "Wallahi zimetimia."

Ustadha Ihsan alimtazama mtoto kwa muda. Halafu akauingiza mkono wa kushoto.